Mwaka Nyaboke Alipoimba

Jumanne asubuhi, siku tatu kabla ya kumzika Nyaboke, binti yake Kemunto alifika kwangu na daftari la mama yake kwapani na simu mkononi. Akakataa chai, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akaniambia, "Anti Rael, niambie sauti ya mama ilikuwa namna gani. Si mama. Sauti." Nilidhani msiba umemchanganya. Kumbe alikuwa na mpango wake. Kwenye simu yake kulikuwa na programu, akanieleza, ambayo ukiiandikia maneno ya wimbo na mtindo unaoutaka, inatunga muziki na kuuimba kwa sauti ya mtu, mtu ambaye hayuko popote. Maneno alikuwa nayo. Aliyakuta kwenye daftari ndani ya sanduku la mama yake, chini ya leso. Mtindo ndio uliomshinda. Kemunto ana miaka thelathini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumsikia mama yake akiimba, si wimbo wa kubembeleza mtoto, si wa kanisani. "Aliniambia hana sauti," akasema. "Halafu jana mjomba akaniambia, mama yako aliimba sana akiwa msichana, muulize yule Rael walikaa naye kwa laini za majani chai." Alitaka kuisikia sauti hiyo mara moja kabla ya Ijumaa, na waombolezaji waisikie pia. Hakuomba kingine.

Nikainuka nikaenda jikoni kumletea chai aliyoikataa, kwa sababu nilihitaji mahali pa kuuficha uso wangu. Mjomba wake hakukosea. Niliisikia sauti ya Nyaboke kwa karibu mwaka mzima, na kati ya watu waliokaa nasi siku zile sijui kama kuna mwingine aliye hai. Lakini kuna jambo ambalo mjomba hakulijua. Mimi ndiye niliyeinyamazisha. Nimekaa na jambo hilo miaka thelathini na minane, sikumwambia mchungaji, sikumwambia mume wangu mpaka akafa, na Nyaboke mwenyewe hatukulizungumza hata mara moja ingawa alikaa ng'ambo tu ya kijito na tulitembeleana kila wiki. Sasa mtoto wake alikuwa amekaa sebuleni kwangu akitaka nimwelezee kile nilichomnyima. Nilimwaga chai kwenye kisahani, nikaifuta, nikamwaga tena.

Habari za wazazi wangu na shule niliyoiacha nitaziruka, hazisaidii hapa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye mdomo mrefu zaidi, na nilipata kazi ya kuchuma majani chai kwenye shamba moja kubwa upande wa Kericho. Wafanyakazi tulikaa kwenye safu za nyumba tulizoziita laini, na mimi nikapewa kitanda chumba namba saba, mlango wa mwisho karibu na bomba la maji. Nilimkuta Nyaboke humo. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, ametoka Kisii na mtoto wa kike wa miezi minane aitwaye Kerubo, bila mume, na sababu hakuitoa wala mimi sikuiuliza zaidi ya mara tatu. Kuta zilikuwa na chokaa juu na rangi nyeusi chini ili uchafu usionekane. Kulikuwa na dirisha moja la mbao, kitanda changu cha kamba, na magunia yaliyojazwa nyasi pale chini alipolala yeye na mtoto. Mkaa ulipokosekana tulipikia kuni, na moshi ulikaa ndani kama mpangaji wa tatu. Upande wa pili wa ukuta walikaa mtu na mkewe waliogombania redio kila jioni, mume anataka taarifa ya habari, mke anataka kipindi cha salamu, na sisi tulikula tukiwasikiliza. Nyaboke alikuwa akinong'ona matokeo kama mtangazaji wa mpira, "Mke ameshinda leo," na mimi nikipaliwa na ugali. Nilimletea mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kutoka nyumbani, kwenye kibuyu. Alipoonja akasema nimempa maziwa yaliyoungua, kwa sababu ya ule unga wa mkaa tunaousugua ndani. Baada ya mwezi mmoja nilimkuta ameinamisha kibuyu mdomoni anangoja tone la mwisho.

Na aliimba. Aliimba akichambua mboga za managu, aliimba akimwogesha Kerubo kwenye beseni, na kila jioni alimwimbia mpaka mtoto alale. Nilimweleza Kemunto haya, nikiyaacha yale mengine, naye akawa anaandika kwa vidole viwili haraka haraka. "Sawa," akasema. "Nimeweka hivi: wimbo wa kienyeji, wa huzuni, wa kishairi, mwanamke, sauti nzito, gitaa moja, polepole." Akabonyeza. Tukangoja kidogo, halafu akaimba mwanamke ambaye kwa kweli alikuwa anajua kulia vizuri. Aliyasema maneno ya Nyaboke kama mgeni aliyefundishwa Kiswahili ndani ya ndege, na jina la Kerubo akalivuta mwishoni mpaka likawa jina la mtu mwingine. Nyuma yake kukaingia fidla. Nikauliza huyo mwenye fidla amealikwa na nani. Kemunto akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi mama yake alipofariki, halafu akajiziba mdomo kana kwamba amekosa adabu. "Hii kitu haijui mama, anti," akasema. "Inajua tu chenye tunaiambia. Iambie vizuri."

Ningeiambiaje? Nimeishi maisha yangu na ng'ombe watatu na ekari moja ya majani chai hapa chini ya Litein, sijawahi kuulizwa na mashine jinsi huzuni ilivyo. Kemunto alikuwa na orodha ya maneno ya mashine, na yote alinitafsiria kwa wema: ya kuhuzunisha, ya giza, ya upweke. Nikamwambia hapana, sauti ya mama yako haikuwa ya giza. Mtu mwenye sauti ya giza anataka umwone yuko gizani. Nyaboke aliimba kama mtu aliyechoka ambaye hana wa kumlaumu. Alianzia chini, akabaki chini, na pale ambapo mwimbaji mwingine angepanda ili watu wamsifu, yeye alishuka kidogo zaidi, ukalazimika kumsogelea. Kemunto akaandika hayo. Mashine ikatupa mwanamke mwingine, safari hii mnong'ono mtupu, kama mtu anayekutongoza. Tukamfuta huyo pia.

Nikamweleza kuhusu mikono. Ukichuma majani chai, mikono yote miwili inafanya kazi mbele yako, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, mpaka viganja vijae. Kisha inapanda juu ya bega na kuyatupa majani kwenye kikapu kilicho mgongoni. Hapo mkono unapokwenda nyuma kifua kinafunguka, pumzi inakatika, na hakuna binadamu anayeweza kuimba. Mtu aliyejifunza kuimba akichuma anakuwa na shimo kwenye wimbo wake, na shimo hilo halijazwi na kitu. Hata akiimba ameketi chumbani, shimo la Nyaboke lilibaki pale pale, mistari miwili, kimya, mistari miwili, kimya, na mikono yake wakati mwingine ikishtuka kidogo kutaka kwenda nyuma. Ukimya huo ndio uliokuwa unaniuma mimi niliyelala kitandani. Kemunto aliiambia mashine iweke kimya. Ikaweka kimya, halafu ndani yake ikamweka mtu wa kuguna. Akaiambia isigune. Ikaweka gitaa. "Inaogopa kunyamaza," akasema Kemunto, naye akaweka simu mezani apumzishe macho.

Mwezi wa saba ulikuja na baridi ile inayoganda juu ya majani asubuhi, na Kerubo akaanza kukohoa. Sitaki kulirefusha hili. Siku ya tatu mtoto alikuwa anavuta pumzi kwa mbavu. Nyaboke alikwenda kwa nyapara kuomba ruhusa, nyapara akamwambia amalize mstari wake kwanza, akaumaliza. Nilimwona akichuma siku hiyo, mikono inakimbia, hakuimba. Alimfikisha zahanati saa nane mchana na mvua, wakamwambia ampeleke hospitali kubwa, na njiani mtoto akatulia. Tulimzika kesho yake kwenye makaburi ya wafanyakazi nyuma ya mikaratusi. Nyaboke alimfunga kwenye blanketi lake, la kijivu, blanketi pekee alilokuwa nalo. Mama mmoja jirani akamwambia kwa upole amfunge kwa leso tu, blanketi atalihitaji, baridi bado. Nyaboke akamjibu, "Yeye ndiye analala nje." Jioni nilimpandisha kitandani kwangu, tukalala chini ya blanketi langu moja, na tukalala hivyo mpaka mwaka ukaisha.

Kwenye bomba la maji nilisikia wanawake wawili wakiongea, wakidhani mtiririko wa maji unawaficha. Mmoja alisema, "Afadhali, sasa anaweza kuolewa." Mwingine akasema, "Ataolewa na nani, haongei hata." Hakuwa anaongea kweli. Wiki mbili alikula nilichompa na kujibu ndiyo na hapana. Halafu asubuhi moja shambani, ukungu umeshuka mpaka huoni kikapu cha mwenzako, nikasikia sauti yake mistari miwili ya chai kutoka kwangu. Ulikuwa wimbo mpya. Kwa Kiswahili, si kwa Kikisii, labda kwa sababu Kiswahili ndicho tulichoongea humo chumbani, au labda hakutaka kwao wausikie. Ninaukumbuka wote, lakini nitauandika mwanzo wake tu:

Kerubo, baridi imeshuka,
blanketi langu ni moja,
nimekufunika wewe,
mimi nitafunikwa na nani.

Kati ya mistari mikono ilienda nyuma, na ulichosikia ni majani kuanguka kikapuni. Wanawake waliokuwa karibu waliacha gumzo. Nyapara alipita, akasimama, akaendelea na njia yake bila kutukemea. Nililia nikichuma, na nilikuwa msichana asiyelia kirahisi, nikajifanya ni umande. Tangu siku hiyo aliuimba kila siku, shambani na nyumbani, akiongeza ubeti hapa na pale, na jioni aliyaandika maneno kwenye daftari la mraba mraba alilonunua kantini. Ndilo hilo Kemunto alilokuja nalo. Nililitambua kabla hajalifungua.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika. Mimi nilikuwa kwenye kwaya ya kanisa la pale laini. Nyaboke hakuruhusiwa, kwa sababu alizaa bila ndoa. Aliwekwa benchi la nyuma kabisa, hapokei meza ya Bwana wala hasimami na waimbaji, na hata baada ya mtoto kufa hawakumrudisha mbele. Mwalimu wa kwaya alikuwa karani wa mizani siku za kazi, mtu mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa kuliko vya mchungaji. Kulikuwa na mashindano ya kwaya mwezi wa kumi, na yeye alitaka wimbo ambao haujasikika. Akasema mbele yetu sote, "Atakayeleta wimbo mpya, wa kutunga mwenyewe, ndiye atasimama mbele na kuongoza." Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Nilijua hivyo, na kila mtu alijua. Kwa miezi sita nilikuwa nimesimama mstari wa tatu nyuma ya msichana mnene, nikiona kisogo chake. Nilitaka kusimama mbele. Ndiyo sababu yote, sina nyingine, na nimeitafuta.

Nilimwimbia mwalimu wimbo wa Nyaboke ofisini kwake kwenye mizani, nikamwambia nimeutunga mimi. Akafumba macho, akasema ni mzuri lakini mzito, watu watalala. Akachukua kalamu. Baridi ikawa baraka. Blanketi likawa neema. Kerubo akawa Yesu. "Yesu, baraka imeshuka, neema yako ni moja, umenifunika mimi, nani atanifunua." Akaupa mwendo wa haraka, akaweka ngoma na kayamba, na kwenye yale mashimo, pale mikono inapokwenda nyuma, akaweka makofi matatu. Nilimwona akifanya hivyo na sikusema kitu. Nilijiambia kwamba Nyaboke hataruhusiwa kuuimba kanisani hata hivyo, kwamba angalau wimbo wake utaingia mlango ambao yeye amefungiwa. Nilijiambia ni kama zawadi. Ulikuwa wizi. Nilimwibia mtu niliyelala naye blanketi moja, na usiku nilikuwa nageukia ukutani ili nisinong'one mazoezi usingizini.

Siku ya mashindano kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye majani nje. Nilivaa blauzi nyeupe niliyoazima. Nilisimama mbele, mwalimu akainua mkono, ngoma ikaanza, nikaimba. Nilimtafuta Nyaboke kwa macho kabla sijajizuia. Alikuwa benchi la nyuma, ameegemea ukuta, na mwanzoni alikuwa anatabasamu kwa sababu mimi rafiki yake niko mbele. Niliona tabasamu hilo likikaa pale pale, halijui liende wapi. Ubeti wa pili watu wote walikuwa wamesimama, wanapiga makofi matatu, wanacheka, watoto wanaruka. Yeye alibaki ameketi kati ya migongo yao nikawa simwoni tena. Tulishinda. Tulipewa saa ya ukutani, na mwalimu akanishika bega mbele ya watu.

Nilizungukazunguka huko nje kadiri nilivyoweza, nikijitia kushangilia na wengine, mpaka hakukuwa na mtu wa kushangilia naye. Nilipoingia chumbani alikuwa amepika ugali na managu, sahani yangu imefunikwa. Nikasimama mlangoni nikingoja. Nilitaka anitukane. Ningeshukuru kama angenipiga. Yeye alinawa mikono, akaketi, akasema, "Umeimba vizuri, Rael." Halafu tukala. Kule upande wa pili mume na mke walikuwa wanagombania redio, na hakuna aliyenitangazia nani ameshinda. Nilijua ni lazima niseme neno moja tu, pale pale, na nililiweka mdomoni pamoja na ugali nikalimeza. Kesho yake shambani alichuma kimya. Keshokutwa pia. Nikajiambia atarudi, atachoka kununa. Lakini hakuwa amenuna. Aliongea, alicheka, alinisuka nywele Jumamosi. Aliacha tu kuimba, jinsi mtu anavyoacha kuvuta sigara. Desemba nikaondoka kwenda kuolewa huku Litein. Miaka mitano baadaye naye akaja na mumewe wakanunua shamba ng'ambo ya kijito, na siku ya kwanza akaja kunisalimu na mkungu wa ndizi, akaniita dada. Kwa nini hakuniacha, sijui. Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza kila wiki kwa miaka thelathini na mitatu. Wimbo nao ulitoka kwenye kwaya yetu ukaingia nyingine, ukashuka mpaka Bomet, ukafika Longisa na Mulot, ukaingia shule za Jumapili na sherehe za watu. Jina langu lilidondoka njiani na hakuna anayejua tena umetungwa na nani. Kanisani ukianzishwa, Nyaboke alikuwa ananyanyuka na wengine, anashika kitabu, anaangalia mbele.

Jaribio la saba au la nane mashine iliangukia mahali karibu. Sijui ni neno lipi kati ya yale tuliyoiandikia lililoifikisha pale. Hakukuwa na gitaa wala fidla, ni mwanamke peke yake, chini, anaimba kama mtu anayefanya kazi nyingine, na baada ya mstari wa pili alinyamaza. Alinyamaza kweli. Kemunto alikuwa ananitazama mimi, si simu, na machozi yanamtiririka bila yeye kuyapangusa. "Ni yeye, anti?" akauliza. "Niambie tu ndiyo."

Nikamwambia inakaribia. Nilikuwa naelekea kusema ndiyo, na ningesema, na mambo yangeishia hapo, na mtoto wa watu angepata alichokifuata na mimi ningelala. Lakini yeye alipumua, akapangusa uso kwa leso, akafungua daftari na kuanza kupanga mambo ya programu ya mazishi, ambayo alitakiwa kuipeleka kwa mchapishaji mchana huo. Akasema, kwa sauti ya upole ya mtu anayemsamehe marehemu kosa dogo, "Kitu kimoja tu. Hayo maneno, si umeona? Ni ya ule wimbo wa kanisa, ule wa baraka imeshuka. Mama aliugeuza. Si vibaya, hakuwa amesoma sana, aliiga alichosikia. Nitaandika pale chini, umegeuzwa kutoka wimbo wa kwaya, watu wasije wakasema tumeiba."

Nikamwambia aweke kalamu chini. Nikamwambia yote, kama nilivyoyaandika hapa, isipokuwa kwamba kwa mdomo yalitoka vibaya zaidi, nyuma mbele, nikianza na blauzi nyeupe na kumalizia na blanketi. Nikamwambia alikuwa na dada aliyeitwa Kerubo. Hakujua hilo, alidhani Kerubo ni jina tu la kwenye wimbo. Nikamwambia mama yake hakuiga kwa mtu, aliibiwa, na mwizi ndiye huyu aliyemwekea chai. Nilitegemea alie au aondoke. Ijumaa tulimzika Nyaboke bila huo wimbo wala ule mwingine, niliseme hili sasa nisilirudie, na kwenye programu mahali pale Kemunto aliacha nafasi nyeupe ambayo watu walidhani ni kosa la mchapishaji. Lakini Jumanne hiyo hakulia wala hakuondoka. Alikaa akiigeuzageuza simu mapajani.

"Alijua ni wewe?" akauliza.

"Alinisikia nikiimba."

"Na hakusema kitu."

"Alisema nimeimba vizuri."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za mtu anayemfahamu. Kisha akasema, bila hasira, na afadhali ingekuwa hasira:

"Wewe hukuja harusi yangu, anti, mzee wako alikuwa amelazwa. Huo wa kwaya ndio wimbo niliochagua wa kuingia nao kanisani. Niliuchagua mimi. Tulifanya mazoezi wiki tatu pale nyumbani, na mama ndiye alikuwa anatupikia. Siku yenyewe nikaingia, nikamtafuta, nikamwona amesimama mbele kabisa. Nikajua amefurahi. Alikuwa anapiga makofi, anti. Yale matatu. Hakukosa hata moja mpaka nikafika mbele."